Namna ya Kuratibu Malezi na Elimu ya Awali Katika Halmashauri

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma mwezi Desemba 2021, inamhusu mtoto hadi anapotimiza miaka 8, katika afya, lishe, malezi yenye mwitikio (mlezi kutambua mahitaji ya mtoto na kuyaitikia), ujifunzaji wa awali na ulinzi. Katika halmashauri mambo hayo yana wenyewe tofauti: chanjo ziko kwa mganga mkuu, darasa la awali liko kwa afisa elimu, na vituo vya kulelea watoto mchana viko chini ya ustawi wa jamii.

Mratibu asianze kwa kuitisha kikao, bali afungue kwanza kadi ya kliniki ya mtoto mmoja na kuisoma mpaka mwisho. Mara nyingi atakuta chanjo ya surua na rubela ya miezi 9, kisha ile ya miezi 18, halafu nukta za uzito zinakoma, kwa sababu wazazi wengi huacha kliniki chanjo zinapokwisha. Jina hilo huonekana tena kwenye daftari la mahudhurio la darasa la awali, mtoto akiwa na miaka 5. Pengo hilo la miaka mitatu na zaidi ndilo kiini cha uratibu, kwani kila idara huamini kwamba mtoto yuko kwa mwenzake.

Ili kuliziba, mtendaji wa kijiji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mlezi wa kituo na mwalimu wa awali watumie rejista moja, inayoonyesha nani hajapimwa na nani hana cheti cha kuzaliwa.

Kikao cha robo mwaka kiongozwe na mkurugenzi mtendaji mwenyewe, maana mkuu wa idara moja, kama afisa maendeleo ya jamii, hawezi kumwagiza wa idara nyingine, kama mganga mkuu. Fedha nazo zisiachwe nyuma: halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 za lishe kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5, lakini kutenga si kutoa. Kila idara iandike shughuli zake kwenye kasma yake (fungu lake la bajeti) kabla bajeti haijafika kwa madiwani.

Kabla ya uandikishaji wa watakaoanza Januari, mwalimu mkuu apewe orodha ya watoto waliofikia umri, pamoja na taarifa ya wenye shida ya kusikia au kuona, ili wasikalishwe nyuma ya darasa.