Kujaza duka la nyumbani Mombasa ukiwa ughaibuni

Ukitaka duka la mamako pale Kisauni au Likoni lisimame, acha kutuma pesa za mzigo kwenye simu yake ya kawaida. Simu hiyo ndiyo inayolipia stima, karo na michango ya matanga, na hakuna mama atakayemwambia jirani aliyefiwa kwamba hela zilizomo ni za sukari. Sajilini laini ya pili iwe ya duka tu, na namba ya till ya Lipa na M-Pesa ya kupokelea malipo ya wateja. Mauzo yakipita huko, nawe ukiwa Doha au Leeds mtaweza kuipitia taarifa pamoja bila wewe kumhoji mzazi.

Usiulize, "Mnataka ngapi?" Uliza kilichoisha ni nini na kiliisha lini. Unga, sukari, mafuta ya kupima, majani ya chai, sabuni na viberiti havifai kukosekana hata siku moja. Mteja akija mara mbili akakosa unga, atahamia duka la pili pamoja na sukari yake, na deni lake ataliacha kwenu. Kubalianeni kiwango: balo la unga likibaki moja, picha inatumwa WhatsApp, mzigo unaagizwa. Biskuti za bei zilizoshika vumbi tangu Idi haziongezwi hata kama mwenye duka la jumla anazisifu.

Viazi, vitunguu na nyanya huchukuliwa Kongowea, soko kubwa la jumla upande wa Nyali. Viungo vipo Marikiti, kisiwani. Anayetoka Likoni ahesabu na foleni ya feri. Kila ununuzi uwe na risiti, na picha yake ikufikie siku hiyo hiyo.

Kalenda nayo ina mambo yake. Ramadhani huwahi kwa takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo usitume kwa kukumbuka tarehe ya mwaka jana. Tende, tambi na sukari ziingie Shaaban, kabla kila duka halijakimbilia mzigo ule ule. Januari watoto wanarudi shule, madaftari na kalamu zinatoka. Masika, hasa Aprili na Mei, punguza unga: unyevu wa pwani huuharibu upesi. Magunia yakae juu ya mbao, yasiguse sakafu, na mali ya zamani itangulie kuuzwa.

Linaloua maduka mengi, kwa maoni yangu, ni daftari la deni. Unaweza kutuma mtaji mwaka mzima na rafu zibaki tupu, kwa sababu mali yote imo majumbani mwa watu. Kabla ya kutuma tena, omba picha za daftari hilo, ukurasa kwa ukurasa. Wekeni kikomo cha kila nyumba na siku ya kulipa. Mamako ataona haya kudai watu anaokutana nao kila siku msibani na harusini, na haya hiyo ni ya kuheshimiwa. Basi mpe ruhusa akutaje wewe: "Mwenye mtaji amekataza kukopesha zaidi ya hapo mpaka mwisho wa mwezi."