Kupiga picha za radi usiku kwenye nyanda za Kansas

Kabla hujafungua stendi ya miguu mitatu, zima kwenye kamera ile kazi ya kupunguza chenga kwenye picha za muda mrefu. Ikiwashwa, kila picha ya sekunde 20 hufuatwa na sekunde 20 ambazo kamera haipigi kitu, na radi nzuri kuliko zote hupiga hapo hapo.

Weka ISO 100 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), tundu la lenzi f/8, shata ikae wazi sekunde 15 hadi 20. Radi ikiwa mbali fungua hadi f/5.6, ikisogea nenda f/11, la sivyo inatoka mstari mnene mweupe usio na matawi. Fokasi ifanye kwa mkono kwenye taa ya mbali (taa ya ghala la nafaka inatosha), maana ile ya otomatiki gizani huhangaika tu. Funga kitufe cha rimoti kikiwa kimebonyezwa ili kamera ipige mfululizo.

Usirefushe stendi, upepo wa huko huitikisa. Simama kusini-mashariki ya dhoruba, kwani nyingi huelekea kaskazini-mashariki. Ngurumo ikisikika ndani ya sekunde 30 baada ya mwanga, radi iko ndani ya kilomita kama 10: ivishe kamera mfuko wa plastiki, ingia garini, funga vioo. Kamera itaendelea kupiga yenyewe.