Somo: Kuchanganya hidrojeni kwenye bomba la gesi asilia, hatua kwa hatua

Ndugu zangu, habari za leo. Somo hili mmeliomba muda mrefu na swali limekuwa lilelile: inawezekana kutia hidrojeni kwenye bomba la gesi asilia lililopo, watu wakaendelea kupika bila kubadilisha jiko? Inawezekana, na imeshafanyika. Ila kiasi cha kutia hakiamuliwi na ukubwa wa bomba wala na mtambo unaozalisha hidrojeni. Kinaamuliwa na kifaa kimoja tu, kile kisichovumilia hidrojeni kuliko vingine vyote vilivyounganishwa kwenye mtandao huo. Shikeni hilo, kwa sababu kila hatua hapa chini ni namna ya kukitafuta kifaa hicho.

Mfano wangu mkuu ni Uingereza, chuo kikuu cha Keele na kijiji cha Winlaton. Huko walifika asilimia 20 kwa ujazo kwenye nyumba zenye watu. Dar es Salaam tutaifikia kwenye maswali.

HATUA YA 1. Ondoa hofu kwanza

Hidrojeni si mgeni jikoni. Kabla ya gesi ya Bahari ya Kaskazini, miji ya Uingereza ilipikia gesi iliyotokana na makaa ya mawe, na karibu nusu ya ujazo wake ilikuwa hidrojeni. Kati ya 1967 na 1977 mafundi walipita nyumba kwa nyumba kubadilisha vichomeo ili vipokee gesi asilia. Hong Kong mpaka leo gesi ya mjini ina karibu nusu hidrojeni. Kwa hiyo shida haiko kwenye hidrojeni yenyewe. Shida ni kwamba jiko, mita na mtambo wa leo vimetengenezwa kwa ajili ya methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia.

HATUA YA 2. Hesabu nishati, usihesabu ujazo

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, wakiwemo wanaotoa hotuba. Mita moja ya ujazo ya methani ina megajuli 39.8 hivi. Mita moja ya ujazo ya hidrojeni ina 12.7, chini ya theluthi moja. Sasa changanya asilimia 20:

0.2 × 12.7 = 2.5
0.8 × 39.8 = 31.8
Jumla ni 34.4 baada ya kukadiria.

Kila mita ya ujazo sasa imebeba asilimia 86 tu ya nishati iliyokuwa nayo. Na katika hiyo 34.4, mchango wa hidrojeni ni 2.5, yaani asilimia 7 na kidogo. Kwa maana hiyo, ukisikia mtu anasema asilimia 20 ya hidrojeni imepunguza hewa ya ukaa kwa asilimia 20, msahihishe kwa heshima. Imepunguza kama 7, tena endapo hidrojeni yenyewe ilizalishwa bila kuchoma kitu.

Sasa mbona jiko halipoi kwa asilimia 14? Kwa sababu hidrojeni ni nyepesi mno, na mchanganyiko mwepesi hupita haraka zaidi kwenye tundu la kichomeo. Ndiyo maana watu wa gesi hutumia kipimo cha Wobbe: nishati ya ujazo gawanya kwa kipeuo cha pili cha uzito wa gesi ukilinganishwa na hewa. Ukiipiga hesabu hiyo, methani inatoka 53 na ushee, mchanganyiko wa asilimia 20 unatoka karibu 51. Pungufu ni asilimia 5 tu. Maharage yatachelewa kidogo, lakini yataiva.

HATUA YA 3. Utazame moto wenyewe

Washa jiko la gesi, uiname usawa wa kichomeo. Utaona vile vikoni vidogo vya bluu vimesimama juu ya kila tundu. Vimesimama hapo kwa sababu kasi ya gesi inayotoka inalingana na kasi ya moto unaotaka kurudi ndani. Moto wa methani husafiri kama sentimita 40 kwa sekunde. Wa hidrojeni husafiri mara tano au zaidi ya hapo. Ukiongeza hidrojeni, vikoni vinafupika na kukaribia chuma, kichomeo kinapata joto zaidi, na ukizidisha, moto unaingia ndani ya tundu.

Nimewahi kuitwa kwenye jiko la hoteli lililokuwa linalia "pa!" kila linapozimwa. Ilikuwa gesi ya kawaida kabisa, isipokuwa matundu yalikuwa yametanuka kwa kutu na kusuguliwa na waya. Kasi ya gesi ilipungua, moto ukarudi ndani. Kichomeo cha namna hiyo ukikipa hidrojeni unakiongezea sababu ya kulia. Hivyo hali ya vichomeo ikaguliwe kabla ya jaribio, si baada ya malalamiko. Keele walifanya hivyo: mafundi waliingia nyumba zote kwanza. Kilichowasaidia pia ni kwamba majiko na mabwela (mitambo ya kupasha maji moto) ya Ulaya yalikuwa tayari yanajaribiwa kiwandani kwa gesi ya kupimia yenye asilimia 23 ya hidrojeni, kuangalia kama moto utarudi ndani. Asilimia 20 haikuokotwa hewani.

HATUA YA 4. Kagua bomba

Bomba la plastiki la polietilini halina ugomvi na hidrojeni, na Uingereza tangu 2002 wanang'oa mabomba ya chuma cha kusubu yaliyo karibu na majengo na kuweka plastiki. Kazi iko kwenye chuma cha shinikizo kubwa. Atomu za hidrojeni huingia ndani ya chuma na kukifanya kikose unyumbukaji. Ufa uliokuwa ukikua polepole unakua haraka. Vyuma vyenye nguvu kubwa ndivyo vinavyoathirika zaidi, kinyume na mtu angedhani. Kagua viungio vya kuchomelea kwa makini kuliko sehemu nyingine, na angalia shinikizo hupanda na kushuka mara ngapi kwa siku.

HATUA YA 5. Orodhesha kila mteja

Andika wote: nyumba, hoteli, viwanda, mitambo ya kufua umeme, vituo vya kujazia magari. Mbele ya kila jina andika kikomo cha hidrojeni alichopewa na mtengenezaji wa kifaa chake. Mtambo wa kufua umeme uliorekebishwa kuchoma gesi kwa hewa nyingi ni mwepesi kukasirika, na kiwango chake kinatofautiana kwa kila modeli, hivyo usikisie. Namba ndogo kuliko zote kwenye orodha ndiyo namba ya mtandao wako. Kama hutaki namba hiyo, mtenge mteja huyo au mpe bomba lake.

Keele walifaulu kirahisi kwa sababu chuo kina mtandao wake wa gesi, na orodha ilikuwa fupi: nyumba 100 na majengo 30 ya chuo.

HATUA YA 6. Changanya na upime bila kupumzika

Mchanganyiko unafuata mtiririko. Jioni watu wanapika na bomba linapitisha mita za ujazo 1,000 kwa saa, unaweza kutia 200. Saa nane usiku mtiririko umeshuka hadi 100, mwisho wako ni 20. Mtambo unaozalisha hidrojeni usipopungua kwa kasi hiyo, lazima uwe na tangi la kuhifadhia. Weka vali inayojifunga yenyewe kipimo kikivuka kikomo.

Na kipimo chenyewe ukitazame. Mashine nyingi za kuchambua gesi huitambua gesi kwa namna inavyopitisha joto. Hutumia heliamu kubeba sampuli, na heliamu hupitisha joto karibu sawa na hidrojeni, kwa hiyo hidrojeni inapita karibu bila kuonekana. Tumia gesi ya agoni badala ya heliamu. Nimeiweka peke yake kwa kuwa ni kosa linaloweza kukupa karatasi safi na bomba chafu.

HATUA YA 7. Anza padogo

Keele ilianza mwishoni mwa 2019 ikaisha Machi 2021. Winlaton ikafuata Agosti 2021, safari hii kwenye mtandao wa umma: nyumba 668, shule ya msingi na kanisa. Desemba 2023 serikali ya Uingereza ikatoa uamuzi wa kuunga mkono mchanganyiko hadi asilimia 20 kwenye mitandao ya usambazaji, kwa masharti. Msichanganye na Whitby, kule Ellesmere Port, jaribio lililofutwa Julai 2023 baada ya wakazi kulipinga. Lile lilikuwa la hidrojeni tupu, na lingehitaji vifaa vipya ndani ya nyumba.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi wa Mtwara: Mwalimu, hidrojeni ni nyepesi. Haitapanda juu ya bomba na kujitenga na methani?

Haijitengi, kaka. Ukishakoroga sukari kwenye chai huioni ikirudi kukaa chini. Gesi zikishachanganyika vizuri, mwendo wa molekuli zenyewe unazishikilia pamoja. Hofu yako ina nafasi sehemu moja tu: pale pa kuchanganyia, kama kichanganyio ni kibovu na mtiririko ni mdogo.

Mama wa Mikocheni, ana gesi ya bomba nyumbani: Mita yangu inahesabu ujazo. Wakinichanganyia hidrojeni si nitalipa zaidi kwa chakula kilekile?

Dada yangu, umeuliza swali ambalo wataalamu waliliacha la mwisho. Ndiyo. Bei ikibaki kwa mita ya ujazo, mchanganyiko wa asilimia 20 unakupa nishati pungufu kwa asilimia 14 kwa pesa ileile. Uingereza wanatoza kwa nishati, lakini kanuni yao inasema wastani wa nishati unaotumika kwenye bili za eneo zima usizidi nishati ya chanzo dhaifu kuliko vyote kwa zaidi ya megajuli 1 kwa mita ya ujazo. Hivyo mtu mmoja akitia hidrojeni sehemu moja, hesabu ya mkoa mzima inashuka, na kampuni inapoteza mapato kwa gesi nzuri iliyokwisha kuuza. Kanuni ya bili irekebishwe kabla ya tone la kwanza kuingia bombani.

Dereva wa bajaji, Ubungo: Mimi natumia gesi ya kujaza kituoni. Inanihusu?

Inakuhusu kuliko wote humu. Nenda kautazame mtungi wako. Kama ulitengenezwa kwa viwango vya kimataifa, utakuta umegongwa maandishi ya kwamba ni wa gesi asilia peke yake na tarehe ya mwisho ya kutumika. Mitungi ya chuma chenye nguvu kubwa, kinachozidi megapaskali 950, viwango hivyo vinairuhusu hidrojeni isiyozidi asilimia 2. Si 20. Sababu ni shinikizo. Jikoni gesi inafika kwa milibaa ishirini na kitu. Mtungi wako unajazwa hadi baa 200, kwa hiyo asilimia 20 ingekuwa baa 40 za hidrojeni zinasukuma chuma. Na wewe unajaza na kumaliza kila siku, chuma kinatanuka na kunywea, ufa mdogo unapata nafasi ya kukua. Kwenye bomba linalolisha vituo vya magari, kifaa kisichovumilia ni huo mtungi ulio nyuma yako, na ndio unaopanga kikomo kwa Dar nzima hadi kituo kipewe gesi isiyochanganywa.

Mwanafunzi, Dodoma: Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115. Usiku umeme wa ziada usitumike kuzalisha hidrojeni ya kupikia?

Mdogo wangu, tufuate umeme. Kilo moja ya hidrojeni inakula kama uniti 50 hadi 55, nayo ina nishati ya uniti 39. Ukaichome jikoni, zaidi ya nusu ya joto lake linapita pembeni ya sufuria. Uniti zilezile ukizipeleka kwenye presha kuka ya umeme, karibu zote zinaingia kwenye chakula. Nchi hii bado inapikia kuni na mkaa kwa sehemu kubwa, na lengo la serikali ni asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ifikapo 2034. Umeme wa ziada mimi ningeupeleka kwa mama anayekohoa moshi leo. Na umeme ukitoka kwenye mitambo ya gesi ndiyo kabisa: unachoma uniti 100 za gesi, unapata 50 za umeme mambo yakiwa mazuri, halafu 35 za hidrojeni, unazirudisha kwenye bomba lilelile ulikozitoa.

Dada wa Tanga: Moto wa hidrojeni hauonekani. Watoto hawatajiunguza?

Hidrojeni tupu mchana moto wake hauonekani vizuri, ni kweli. Kwa asilimia 20, methani bado ni nyingi na moto unabaki wa bluu. Dawa ya harufu inabaki palepale, pua yako itakuambia.

Fundi wa Kilwa: Tukianza na asilimia 5 tu?

Asilimia 5 ndiyo waliyoanza nayo Adelaide, Australia, Mei 2021, kwa nyumba kama 700. Kwa kichomeo ni mzigo mwepesi. Kwa mtungi wa bajaji bado ni nyingi. Na hesabu yake ni hii: 0.05 × 12.7 ni 0.6, 0.95 × 39.8 ni 37.8. Gawanya 0.6 kwa 38.4. Hewa ya ukaa unayookoa ni chini ya asilimia 2.