SOMO: Kuongeza nafasi kwenye jengo la zamani la biashara bila kulibomoa (Tanga mjini). Soma lote ndo uulize

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne "lile gofu ulilifanyaje mpaka likatoa fremu mbili na ofisi juu". Nimejibu mara nne, nimechoka, sasa naandika mara moja halafu atakayeuliza tena namtumia hii.

Jengo lenyewe liko mjini upande wa bandarini, siyo Ngamiani. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita, ghorofa hakuna, bati juu. Upana mita 6, urefu mita 14, toka sakafuni mpaka darini mita 5.1. Hizo ni skwea mita 84, ila zilizokuwa zinatumika ni 60 tu, stoo mbili za nyuma zilikuwa haziingiliki kwa unyevu na makorokoro. Leo natumia 111 na sijaongeza hata tofali moja kwa nje. Watu wote wanakimbilia kuuliza ile mezanini (sakafu ya juu iliyowekwa ndani ya chumba kirefu, haichukui chumba chote), lakini zile 24 za nyuma zilikuwepo siku zote, nilikuwa nimezizika mwenyewe. Kausha jengo kwanza ndo upande juu.

1. Kibali cha halmashauri, hata kama ni ukarabati wa ndani. Usiruke.

2. Toa takataka zote. Mimi nyuma ya makabati nilikuta mlango wa kwenda uani ulishazibwa na matofali, hakuna aliyekuwa anaukumbuka.

3. Nyufa zote piga picha, chora msitari na penseli pale ufa unapoishia na uandike tarehe. Ukisogea muite injinia, usiite fundi rangi.

4. Maji ya nje. Gata kwanza, kabla ya kitu chochote. Halafu angalia barabara, mitaa yetu imemwagiwa lami juu ya lami mpaka njia imekuwa juu kuliko sakafu ya duka, kwahiyo mvua ikinyesha ukuta unakunywa. Nilichimba mfereji mdogo kando ya ukuta nikajaza kokoto, na sikwenda chini kuliko msingi, misingi ya zamani ni mifupi sana ukiifukua chini unaiacha inaning'inia.

5. KUTA. Hapa ndo nilipoharibu, soma taratibu.

Mara ya kwanza fundi alibandua lipu ya zamani ya chokaa iliyokuwa inamung'unyika, akapiga lipu ya saruji, akapiga skimu, na juu yake rangi ya mafuta mpaka usawa wa mabega. Palipendeza jamani, nikapangisha hapohapo kwa dada wa vitenge. Miezi mitano hivi, masika yakaingia. Ukuta ukaanza kuvimba kama mandazi, ukigonga unasikia uwazi ndani, kisha unga mweupe wa chumvi ukatoka, na unyevu ambao zamani ulikuwa unaishia magotini ukapanda mpaka kifuani. Vitenge vya shelfu ya chini vikapata ukungu, nikalipa, na haki yake. Sababu ni kwamba jiwe la matumbawe lina vitundu, linafyonza maji toka ardhini na kuyatoa hewani kupitia chokaa. Ukilifunika na saruji na rangi ya mafuta maji hayaishi, yanapanda juu kutafuta pa kutokea, na chumvi inajikusanya nyuma ya lipu mpaka inaisukuma. Mbaya zaidi siku ya kubandua ile saruji iliondoka na nyama ya mawe.

Sasa fanya hivi. Bandua kwa tindo na nyundo ndogo, mashine ya kuvunjia zege isiguse. Chumvi ifagie kwa brashi kavu, ukiosha kwa maji unairudisha ndani. Acha ukuta upumue, kadirio la mafundi wa majengo ya zamani ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5, na kwa vile nusu mita inakauka pande zote mbili unahesabu sentimita 25, yaani miezi kumi. Sikuwa na subira hiyo, nilingoja minne nikaendelea, na chokaa inakuvumilia kwa sababu yenyewe inapumua. Chokaa iliyozimwa loweka kwenye pipa, maji yawe juu yake, angalau mwezi, ikikaa zaidi ndo inazidi kulainika. Kipimo 1 kwa mchanga 3, mchanga wa mto, WA PWANI HAPANA, unaongeza chumvi kwenye ukuta unaoumwa chumvi. Lowesha ukuta, piga tabaka lisizidi sentimita moja, subiri wiki, piga lingine. Tundika magunia mabichi mbele yake maana jua na upepo wa kaskazi vikiikausha haraka inapasuka. Mwisho chokaa ya maji, siyo rangi ya mafuta.

Onyo: kama unazima chokaa mbichi mwenyewe unatia chokaa kwenye maji, siyo maji kwenye chokaa, inachemka na kuruka. Miwani na glavu. Kijana wangu mmoja nusura apoteze jicho.

6. Mezanini. Yangu ni mita 6 kwa 4.5 upande wa nyuma. Haijaegemea ukuta wa zamani hata kidogo, ina miguu yake ya chuma na msingi wake, na kati yake na ukuta nimeacha sentimita 3. Imefungwa kwa nati, haijachomelewa mle ndani, kwahiyo cheche hazikurukia kenchi za zamani na siku nikitaka naifungua naondoka nayo. Sakafu mbao za mtiki wa Longuza pale Muheza, nilichukua vipande vifupivifupi vya bei nafuu. Chini nina mita 2.5, juu 2.4. Uzito aupige injinia aliyesajiliwa. Kwa kukuonjesha tu, sakafu ya ofisi hupigiwa hesabu ya kilo 250 hivi kwa skwea mita, ya duka 400. Mia nne ni mifuko minane ya saruji, ukiipanga ya tisa juu yake umeshapita, na stoo za watu hapa mjini nazijua zinavyopangwa.

7. Joto. Juu ya mezanini ni karibu na bati, bila mpango ni tanuri. Nilizibua matundu ya hewa ya juu ambayo mtu alishayaziba, bati nikalipaka nyeupe, na kuta za kugawa ofisi haziendi mpaka darini, sentimita 60 za juu ni mbao zilizosukwa zenye matundu, hewa ipite. Kusi ikivuma hata feni siwashi.

8. Waya za umeme zote mpya. Usibakize hata moja.

MASWALI

Bosi_Mtarajiwa: Mkuu bei jumla ngapi?

Mwandishi: Bei ya nini? Yangu ni yangu, lako sijaliona.

Bosi_Mtarajiwa: Nataka kupiga mezanini kwangu dari ni mita 4 na nitaifunga kwenye ukuta kuokoa nguzo

Mwandishi: Hatua ya 6 hujaisoma. Mita 4 ukigawa mara mbili utapata vyumba viwili vya kutembea umeinama. Weka shelfu ndefu na ngazi ya magurudumu, basi.

Kijana wa Kisosora: Kwanini usingebomoa ukasimamisha ghorofa nne? Naona ni kung'ang'ania ukale tu.

Mwandishi: Haya. Kwanza nani atanilipa miaka miwili ya kukosa kodi? Pili kifusi cha kuta za nusu mita unakipeleka wapi na kwa lori ngapi? Tatu saruji peke yake inatoa takriban asilimia 8 ya hewa ukaa yote ya dunia nzima, na ukuta nilionao ulishamaliza deni lake kabla babu yangu hajaoa. Ukipata hela ya ghorofa nne jenga, sikukatazi, lakini usiniite mtu wa ukale wakati nalala kodi ikiingia.

Fundi Mwashi 77: Mimi nimepiga saruji kuta za matumbawe miaka na miaka na hazijabanduka. Unatuharibia kazi ndugu.

Mwandishi: Fundi sijasema hujui kazi. Hizo kuta zilikuwa na sakafu iliyo juu kuliko barabara? Ukuta mkavu utavumilia mengi. Bandika kipande cha nailoni ukutani, gundisha kingo zote nne, rudi kesho yake. Jasho likiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani. Likiwa mbele ni hewa ya chumba tu. Anza na hicho kila kazi, hakina gharama.

Fundi Mwashi 77: Zilikuwa juu, ngazi tatu. Nailoni nitajaribu.

Binti wa Dunda: Shikamoo kaka. Niko Bagamoyo, bibi katuachia nyumba ya duka hapahapa kwenye Mji Mkongwe wetu, juu kuna sakafu ya boriti za mikoko. Tunataka juu pawe ofisi lakini boriti mbili zimeoza pale zinapoingia ukutani. Tubadilishe zote? Na chokaa ya mifuko ya dukani inafaa?

Mwandishi: Marahaba dada, swali zuri hili. Kabla hujagusa chochote nenda ofisi ya Mambo ya Kale hapohapo Bagamoyo, uko eneo la kihistoria, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda jengo lolote la kabla ya 1863, sasa ya bibi sijui umri ila wao ndo wa kukuambia. Boriti usibadilishe zote. Zikioza mwishoni tu ni kwa sababu ukuta pale umelowa, tafuta maji yanatoka wapi kwanza, mara nyingi ni gata au bati lililotoboka juu yake. Kisha unakata palipooza unaunga boriti nzima pembeni yake na kuzifunga pamoja, uzito ubebwe na ile mpya. Mikoko haikatwi kiholela, nunua yenye kibali cha TFS (wakala wa misitu) au tafuta boriti za nyumba zilizobomolewa, za zamani ni ngumu msumari unapinda. Na ujue kwanini vyumba vya majumba haya ni vyembamba, boriti ya mkoko haivuki vizuri zaidi ya mita tatu hivi, kwahiyo msibomoe ule ukuta wa katikati kutafuta ukumbi, ndo umebeba kila kitu. Chokaa ya mifuko inafaa ukiiloweka vilevile, ila mfuko uliokaa wazi uache, imeshakufa.

Binti wa Dunda: Asante sana kaka. Na ua wa katikati tukiuezeka bati la kioo si tutapata nafasi nyingine?

Mwandishi: Mtapata nafasi na mtapoteza hewa. Joto la nyumba nzima linatoka nje kupitia hapo uani. Ezekeni nusu, na lile bati liinuliwe kuliko kuta hewa ipite chini yake.

Mama Jipsam: Kwa dari mimi nawapigia jipsam yenye katani ndani, mkonge wetu wenyewe wa Tanga, haivunjiki ovyo. Wambie wasikubali fundi anayebana katani.

Mwandishi: Kweli kabisa, katani ikiwa chache dari linadondoka vipande.

Kijana wa Kisosora: Mimi bati langu ni yale ya kijivu magumu ya zamani, nataka kuyatoboa niweke matundu ya hewa

Mwandishi: USITOBOE. Hayo huenda ni asibesto, vumbi lake linaua mapafu taratibu. Usikate, usifagie, usivunje, ulizia watu wa NEMC, wale wa mazingira wa serikali, utaratibu wa kuyatoa. Tumegombana lakini hili nakuomba.

Bosi_Mtarajiwa: popo darini unawatoaje

Mwandishi: Swali la kwanza la maana toka kwako. Subiri watoke magharibi, tundu lao kuu lining'inizie wavu uliofungwa juu tu, wanatoka kwa chini ila kurudi hawawezi. Fanya siku kadhaa ndo uzibe. Wakiwa na watoto acha kwanza, watafia mle na harufu yake hutampata mpangaji.

Bosi_Mtarajiwa: sawa. na bei ya wavu?