Jinsi ya Kuchagua Mbwa wa Ng'ombe au wa Nguruwe Mwitu

Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, hasa Louisiana, Texas na Florida, mfugaji anayetafuta mbwa wa kazi aanze kwa kujiuliza kama ng'ombe wake wamezoea watu au wanajitafutia malisho porini. Kwa ng'ombe wa zizini, Blue Heeler anatosha: mbwa huyu mwenye asili ya Australia hulisukuma kundi kwa kung'ata visigino, kisha hujilaza papo hapo ili teke lipite juu ya kichwa chake. Ng'ombe wanaojificha vichakani wanamhitaji Catahoula, aliyetangazwa kuwa mbwa rasmi wa Louisiana mwaka 1979, ambaye hulitangulia kundi, hulizunguka na kulibwekea hadi lijikusanye.

Mtindo huohuo ndio unaomfanya Catahoula afae pia kuwinda nguruwe mwitu, kwa kuwa humzuia asitoroke huku akijiepusha na meno yake. Asichanganywe na mbwa wa kukamata, mara nyingi American Bulldog, ambaye huachiwa mwishoni amshike nguruwe sikio. Huyo, kwa maoni yangu, asikaribie ndama kamwe.

Unapomjaribu mbwa mchanga, mtazame pale nguruwe anapomgeukia: anayefaa hurudi nyuma hatua chache, kisha husogea tena akibweka, ilhali anayejirusha kichwakichwa utakuwa ukimshona vidonda kila mara. Mvishe kinga nene ya kifua na shingo, na usimpe nyama mbichi ya nguruwe, kwani ugonjwa wa Aujeszky, ambao nguruwe mkubwa huweza kuubeba bila dalili, humwua mbwa ndani ya siku chache.