Picha kuukuu za Kifaransa: anza na mgongo

Bibi mwenye kola ya lesi, aliyechorwa kwa rangi kwenye picha kuukuu, anaweza kukuteka kwa macho yake ukatoa pesa kabla hujauliza kitu. Ndiyo maana mimi huanza na mgongo wa picha.

Hatua ya 1. Wahi sokoni. Paris, soko la vitu vikuukuu la Vanves ni Jumamosi na Jumapili, asubuhi. Saint-Ouen ni kubwa zaidi, ila bei zake zimeshazoea watalii.

Hatua ya 2. Omba ruhusa, uigeuze. Turubai, yaani kitambaa kilichochorewa picha, likiwa la zamani huwa limeiva rangi ya chai na limebanwa kwa misumari midogo. Ukikuta pini za stepla, ama ni jipya ama limewambwa upya. Tafuta muhuri wa duka lililouza turubai. Sennelier, kwa mfano, lilifunguliwa 1887. Anayekuapia kwamba picha yenye muhuri huo ni ya 1850, mshukuru uende zako. Mara nyingine utaona pia alama kama 10F: ni kipimo cha sentimita 55 kwa 46, na F ni ya picha za watu. P ni mandhari, M ni bahari, ingawa wachoraji walichukua chochote kilichowafaa.

Hatua ya 3. Sasa tazama uso, kwa lenzi ya kukuzia. Vitone vilivyojipanga ni kazi ya mashine ya chapa. Gizani, mulika kwa tochi ya urujuanimno: vanishi kuukuu hung'aa kijani, viraka vya rangi mpya vikabaki vyeusi. Kiraka kwenye koti nakisamehe. Machoni au mdomoni, siichukui.

Hatua ya 4. Mnadani, soma maelezo neno kwa neno. "D'après" ni nakala ya kazi ya mchoraji anayetajwa, "attribué à" ni kudhaniwa tu kuwa yake, na "École française" mara nyingi ni kusema mchoraji hajulikani. Kwa pambo la ukutani, huyo asiyejulikana ndiye rafiki wa mfuko wako. Uliza pia ada ya mnunuzi. Mara ya kwanza dalali alinigongea nyundo kwa euro 200, nikalipa 256.

Hatua ya 5. Tundika katikati ya picha ikiwa sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, mbali na jua na jiko, kwa misumari miwili ili picha isiende upande. Vumbi lipanguse kwa brashi laini, kavu. Usiisugue kwa kiazi, hata mama mkwe akiapa.