Kujua kama bungua bado wamo ndani ya mbao

Ukiona unga laini chini ya kitanda au fremu ya mlango, usikimbilie dawa. Futa unga wote, bandika karatasi nyembamba juu ya vitundu, andika tarehe pembeni. Vitundu hivyo ni milango ya kutokea: buu hula mbao kwa ndani, akishakuwa mdudu kamili hutoboa na kutoka. Karatasi ikitobolewa, bado wamo. Unga peke yake hudanganya, kwani ukigonga kitanda hata ule wa zamani humwagika. Wape miezi, si siku mbili. Buu anaweza kukaa ndani zaidi ya mwaka, kimya kabisa. Ukikuta udongo badala ya unga, huyo ni mchwa, na karatasi yako haitakusaidia.